Mkeka wa Kidawa

Aliyenipa kisa hiki ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanaharusi, alipokuja kututembelea. Aliwaambia wanangu hivi:

Zamani, watoto, zamani jogoo alipokuwa bado anauliza saa ya kuwika, bibi harusi hakuingia kwa mumewe bila mkeka aliousuka mwenyewe. Hana mkeka, hana ndoa. Mnanisikia?

Basi palikuwa na ndugu wawili. Kidawa, mkubwa, kachumbiwa, harusi imebakiza siku ishirini, na hajawahi kushika miyaa, yale majani ya kusukia. Mosi, mdogo, anasuka tangu hajang'oka meno. Wakapelekwa kwa Bi Shumbana, fundi wa mikeka.

Bi Shumbana akawatazama vimo. "Wewe mkubwa, miyaa hii hapa, suka upendavyo. Wewe mdogo, lete mkono nikushike."

Kidawa akasuka, akafumua. Akasuka, akafumua. Mosi akashikwa mkono, akapiga miayo. Akashikwa mkono, akapiga miayo. Siku ya kumi akasinzia kabisa, Bi Shumbana akawa anasuka kwa vidole vya mtu aliyelala!

Siku hiyo akaja shangazi wa bwana harusi kukagua. Akainua kazi ya Kidawa: huku pana, huku nyembamba kama mkia wa panya.

"Mwanangu, hiki ni kikapu?"

"Ni mkeka, shangazi. Ila bado haujaamua."

"Basi uambie uamue. Ukichelewa, sisi tunaposa nyumba ya pili."

Kidawa akaangua kilio. Mosi akazinduka, akamshika dada yake mkono. "Huu juu, huu chini. Si hivyo, da Kidawa! Chini!"

"We Mosi, nani kakufundisha?" akauliza Bi Shumbana.

"Najua siku nyingi, bibi. Hukuniuliza."

Bi Shumbana akajipiga paji la uso. "Loo! Nimepima vimo, sikupima mikono!"

Tangu hapo Kidawa akashikwa mkono. Siku tatu mkono, siku tatu kuelekezwa kwa mdomo tu, kisha Bi Shumbana akamwachia, akageuza kigoda akatazama kuku wake. Mosi akapewa miyaa na rangi: "Nenda kasuke nisichokijua."

Harusi ikafika, na mkeka ukafika. Mfupi kidogo. Bwana harusi alilala miguu ikiwa sakafuni, lakini alilala ameoa!

Basi watoto, usiulize mwanafunzi ana miaka mingapi, uliza mikono yake imefika wapi. Asiyejua mshike, ajuaye mwachie. Kisa changu nimekikunja, akitakaye akitandike.

Wanangu walicheka. Mimi sikucheka sana. Kesho yake asubuhi nilikaa chini na binti yangu Salha, ambaye kila siku namwambia, "Wewe mkubwa, hesabu fanya mwenyewe," tukahesabu pamoja kwa punje za maharage. Mdogo wake, Hamdu, nilimwachia avae viatu peke yake, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Akavivaa kinyume. Akafika mlangoni, akaitazama miguu yake, akarudi, akakaa, akabadilisha.