Kwa Nini Kishonanguo Hushika Kila Apitaye

Enzi hizo kishonanguo hakikuota popote ila juu ya milima ya Upare, ukingoni mwa ndiva, lile bwawa la udongo la kukusanyia maji ya mashamba. Msikichanganye na magugu mengine: ua lake lina petali chache nyeupe na moyo wa manjano, majani yana meno meno, mbegu ni vijiti vyeusi. Huchanua mvua zikianza, na kiangazi kikikaza hufa. Wakati huo mbegu zake zilikuwa laini, zikiangukia hapo hapo.

Mwaka mmoja maji yakaanza kuibwa. Ilikuwa mwiko kukanyaga ukingo kabla ndiva haijajaa, lakini kila kulipokucha ilikutwa tupu. Watu wakatazamana kwa jicho la pembeni. Jirani alimsalimu jirani huku akichungulia mahindi yake. Mahindi yaliyostawi yalikuwa ya Nakijwa peke yake, naye ni mjane. Shemeji yake, Senzia, akasema afukuzwe, shamba lirudi kwenye ukoo. Ukoo, yaani yeye mwenyewe! Mnacheka, lakini walimwamini.

Kishonanguo nacho kilikuwa kinakauka mizizi. Kila alfajiri kilisikia miguu ikipita gizani, uso hakikuuona. Kikamwomba nungunungu ncha za miiba yake.

"Unataka kumchoma nani?" nungunungu akauliza, maana naye hamwamini mtu.

"Simchomi. Namshika tu."

Akakipa, kikazipachika kwenye kila mbegu.

Siku ya baraza Nakijwa alikuja na mzigo wake umeshafungwa, analia. Senzia akainuka kumnyooshea kidole, na wote wakaiona shuka yake: mbegu nyeusi tupu, toka pindoni hadi kiunoni. Kumbe ndiye aliyekuwa akiyafungulia maji yaende kwa shemeji yake, apate la kumsingizia. Wakamfukuza yeye, na kila alipozibandua mbegu zile njiani, kishonanguo kikaota.

Ndiva ilipojaa, Nakijwa alipanda kwenda kukishukuru. Alirudi pindo lake zima limeshonwa.

Na tangu siku hiyo kishonanguo huota njiani, mashambani na nyuma ya nyumba, kikimshika mwizi na mjane sawasawa. Uso wa mtu yule hakikuuona, na hadi leo hakijaridhika kwamba alikuwa peke yake.