Vazi la Buluu la Mahendo

Masizi hufunika, hayafuti. Mmeisikia leo, mkaniuliza ni ya mpishi gani. Si ya mpishi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo, tena upande wa waliokosea.

Katika kanisa letu la Mahendo palikuwa na picha ya Bikira Maria amempakata Mwana. Ilitundikwa juu ya mishumaa, na moshi wa miaka sitini ukaifanya nyeusi hata nyuso zikawa za kukisia. Sote tulisema aliichora Padre Konrad, mmisionari aliyejenga kanisa, kwani ndiye aliyekuwa na sanduku la rangi za mafuta kutoka kwao. Bibi Agripina, mfagiaji wa kanisa, peke yake ndiye aliyekataa. Alisema ni kazi ya mama yake, Tekla Haule, dobi wa misheni. Tulimcheka. Mimi, mwanakwaya mwenye mdomo, nilimbandika jina la Binti Msanii, nalo likamganda. Naona haya mpaka leo.

Basi parokia ikamwita fundi Ndunguru aisafishe, na kibao chenye jina la padre kikaagizwa. Bibi Agripina akakosa raha. Mama yake hakuacha hata picha ya sura yake wala kaburi linalojulikana. Kibao kile kingegongomelewa, jina lake lisingebaki popote.

Fundi alianza na fremu. Alipoipeleka pamba yenye maji kwenye vazi la Bikira, Bibi Agripina aliweka ufagio chini, akamshika mkono.

“Usitie maji hapo, mwanangu. Litatoka. Ni buluu ya kufulia, mama aliikoroga na uji wa muhogo.”

Fundi hakubishana. Aligusa pembeni, mahali padogo kama ukucha. Pamba ikarudi na buluu.

Akatuita sisi wanakwaya tuliokuwa mazoezini, akatuonyesha. Alisema rangi ya mafuta haitoki kwa maji, na mwenye sanduku zima la rangi hana haja ya kukoroga buluu na wanga. Kisha akamgeukia bibi.

“Shikamoo, bibi. Ungechelewa kidogo tu, ningemfuta mama yako.”

Bibi aliitikia marahaba, akalia. Nami nikalia, maana nilijua nilichokuwa nimekifanya miaka yote ile.

Fundi aliyatoa masizi kavukavu, kwa kusugua na nyama ya mkate, ile sehemu laini ya ndani, wiki tatu nzima, bibi akiwa kando yake. Vazi lilipotokea, lilikuwa buluu kama shuka zilizotoka kuanikwa. Kibao kikaandikwa upya: Tekla Haule, dobi.

Bibi Agripina hakujua kusoma. Aliniita mimi, kati ya watu wote, akaniuliza jina la mama yake linaanzia wapi. Nikamshika kidole, nikakipitisha herufi kwa herufi mpaka mwisho. Akarudia mwenyewe, polepole. Nikamwomba radhi.

Akanipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake. “Masizi hufunika, mwanangu,” akasema. “Hayafuti.”