Mbawakawa wa Léon

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kwamba binadamu, hata awe fundi wa mafundi, yapo mambo ambayo hawezi kuyatimiza peke yake. Mzee Médard wa Mangobo, mjini Kisangani, aliijua methali hii tangu utotoni, ila hakuiamini mpaka alipopofuka.

Zamani Médard alikuwa mtaalamu wa wadudu. Aliowapenda zaidi ni mbawakawa watobozi wa miti, wale wenye papasi ndefu kichwani, nyuzi za kupapasia njia. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru kidogo kidogo, hata akabaki kuona ukungu tu. Tangu hapo akawa kimya kama maji mtungini. Waliokuja kumuuliza habari za wadudu aliwarudishia mlangoni. Mkewe, Marceline, alimwongoza kwa upole, naye alimjibu kwa ukali, kisha akajuta moyoni asiseme.

Asubuhi moja alifika Léon, mdogo wake Marceline, mkulima wa kahawa kwenye barabara ya Bafwasende. Alikuwa amekonda kama ng'onda, na mkononi alishika chupa ya mbawakawa wafu.

"Yaya, kahawa yangu inakufa," alimwambia dada yake. "Hivi vidudu iko shamba nzima. Jirani anasema nichome miti yote mbele ya vidudu kuingia kwake. Nimemukubalia. Lakini nikichoma, watoto watakula nini?"

Médard alishusha pumzi. "Shemeki, kuna aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja inatoboa muti muzima, ingine inakula muti wenye kufa tu. Kuzitenganisha kunataka macho. Utafute mutu mwingine."

"Papa Benie," Marceline alisema akiketi ubavuni pake, akimwita kwa jina la mtoto wao, "macho niko nayo mimi. Uniambie niangalie nini."

Médard alinyoosha mkono, akamshika mbawakawa mmoja, akampapasa. Mdudu akavunjika vipande vipande vidoleni mwake. Marceline alimfuta vidole kimoja kimoja kwa pindo la kitenge chake.

"Bon," mzee akasema hatimaye. "Tukae penye mwanga."

Marceline aliwamwaga mbawakawa mezani, akaanza kuwagawa. "Hawa iko na papasi ndefu sana, wale fupi. Donc, ndiyo aina mbili."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Médard alitabasamu. "Hapana, mama. Ndefu ni ya dume, fupi ni ya jike. Wengi wanakosea pale. Angalia ubavu wa kifua. Ule mwiba iko mukali, ama kadogo na butu?"

"Huyu wake iko kadogo. Butu."

"Na mwisho wa mabawa, nyuma kabisa?"

"Umeviringana."

"Huyo ni wa muti wenye kufa. Weka pembeni. Mutobozi mwiba wake ni mukali, na mabawa kama yamekatwa na makasi."

Waliendelea hivyo, yeye akiuliza, mkewe akiinamisha kichwa na kutazama, hata chupa ikaisha. Rundo la wenye mwiba butu lilikuwa kubwa. Watobozi walikuwa wachache mno.

"Ulikata miti karibuni?" Médard alimuuliza Léon.

"Ndiyo, ya kivuli. Magogo iko pale pale katikati ya kahawa."

"Basi wengi wametoka kwenye magogo, hawana kosa. Uyatoe. Kisha utafute kahawa yenye unga wa mbao chini ya shina, ndiyo alama ya mutobozi. Ile tu ndiyo uchome."

Jirani alinung'unika, lakini Léon alimbembeleza ampe muda, akafanya alivyoelekezwa. Alichoma miti michache kwa uchungu, mingine ikasimama.

Msimu ulipowadia alirudi na tawi lililoelemewa na matunda mekundu, akaliweka mikononi mwa shemeji yake. Médard aliyapapasa matunda yale taratibu.

"Aksanti, Papa Médard. Umeniokolea shamba."

"Umushukuru dada yako. Mimi nilivunja vidudu tu."

"Na mimi," Marceline akasema, "ningeachiwa peke yangu, ningehukumu kwa papasi."

Médard aliutafuta mkono wa mkewe, akaushika. "Nilikuwa nakujibu vibaya, Mama Benie. Unisamehe."

Hakuwarudisha tena wageni. Huyu alitazama, yule alitambua, na kazi ikaenda. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.