Mashine Iliyofunikwa Lubugo

Mwenye kelele hana neno. Methali hii haiwasifu wapiga makelele. Inatuonyesha tu mahali pa kuelekeza hofu yetu. Mvua inayovuma juu ya bati humpa mtu nafasi ya kuanua kahawa yake. Ile inayoanza kimyakimya ndiyo huiozesha uani. Mbwa anayebweka umekwisha kumwona, lakini asiyebweka utamjua kwa meno yake. Mzee Rwekaza wa Kashozi aliisikia methali hii tangu akiwa mtoto, akaitumia mara nyingi kuwanyamazisha wengine. Yeye mwenyewe alifundishwa maana yake akiwa amelala.

Mzee huyu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa mwili mkubwa na maneno matamu. Ukoo mzima ulimtegemea kwenda kusema ukweni kila kijana alipotaka kuoa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: usingizi. Alipolala alikoroma hadi vikombe vikacheza kabatini. Mkewe, Ma Agnetha, alishayazoea hayo. Ambacho hakukizoea ni kile kimya cha katikati. Mkoromo ulikatika ghafla, kifua kikatulia kama mtungi, kisha mzee akashtuka akivuta hewa kama mtu aliyeopolewa ziwani.

Mchana sasa, alisinzia kama kuku mgonjwa. Kuna siku alikwenda Kemondo kumposea binamu yake. Akasimama, akainua mkono, akaanza, "Sisi tuliokuja hapa leo..." Hapohapo usingizi ukamchukua akiwa wima. Watu walingoja mwisho wa sentensi ile hadi mtoto mmoja akacheka. Tangu siku hiyo, vijana wa Kashozi walipotaka kuchelewesha jambo walisema, "Tuliokuja hapa leo."

Ndipo Ma Agnetha alipompeleka hospitali mjini Bukoba. Daktari alimweleza kwamba pumzi yake hukatika usingizini, na asipotibiwa iko siku haitarudi. Alipewa mashine ya kupuliza hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. "Usilale bila hii, mzee," aliambiwa. "Iwe usiku, iwe mchana." Mzee aliitumia, na baada ya muda si mrefu uso wake ukang'aa kama jani la mgomba lililooshwa na mvua. Naye Ma Agnetha, ambaye vitendawili kwake ni kama chumvi kwenye mboga, akatunga chake:

"Ninaye mgeni chumbani. Akivuma nalala, akinyamaza naamka."

Wajukuu walihangaika wee, wakataja ziwa, wakataja upepo, wakataja redio. Hawakupata. Akawaambia wampe mji, wakampa mji wa Muleba, naye akautembelea kwa maneno, akala na akanywa huko, kisha akawafumbulia: "Mashine ya babu yenu."

Kumbe mji huohuo wa Muleba ulikuwa unamngoja kwelikweli. Wilbert, mtoto wa marehemu mdogo wake mzee, alikuwa amepata mchumba huko, binti aitwaye Klaudia. Posa ilipangwa asubuhi, kwa hiyo wajumbe walitakiwa kufika siku moja kabla na kulala hukohuko. Mashine ya nyumbani ilikuwa nzito kubebwa. Binti yao Esther, anayefanya kazi Mwanza, akawatumia nyingine ndogo ya safarini, ukubwa wake kama mkate.

Udogo wake ulikuwa wa umbo tu. Siku waliyoijaribu, ililia kwa sauti nyembamba, paka akatoka dirishani.

"Mama Esther," mzee alisema, "nikikiwasha kitu hiki ukweni watasema tumekuja na mashine ya kukoboa kahawa."

"Waseme. Mashine ya kukoboa haijamkatia mtu pumzi."

"Wewe unacheka."

"Nacheka kwa kuwa unapumua."

Moyoni mzee alikuwa na lake. Watu wa Kemondo kumwona amesinzia ilikuwa aibu ndogo. Ukoo mzima wa wakwe kumsikia akivuma kama nyuki aliona ni aibu ya kuandikwa mlangoni. Lakini bila mashine angelala vibaya, na akilala vibaya angesinzia tena mbele za watu, na safari hii posa ya Wilbert ingekuwa kicheko. Akawa kama aliyeshika moto kwa mkono mmoja na barafu kwa mwingine.

Waliondoka kwa gari la kukodi, mzee mbele, Ma Agnetha na Wilbert nyuma. Mashine aliipakata mzee mwenyewe ndani ya kikapu kisicho na kifuniko. Juu ya mabega alijitupia lubugo ya marehemu baba yake, kile kitambaa kizito cha gome la mti kinachovaliwa siku za heshima. Walipoiacha lami na kushika njia ya kwenda kwa wakwe, vumbi jekundu liliingia kwa wingi, likawapaka nyusi, likajaza kikapu. Mzee alijipangusa uso na kola. Mashine hakuipangusa.

Walipokewa na Mzee Karugendo, baba mkubwa wa Klaudia, mtu mwembamba mwenye mzaha usiokwisha. Sebuleni palitandikwa nyasi mbichi, ebishubi, zenye harufu nzuri. Walipewa akamwani, zile buni za kutafuna anazokirimiwa mgeni kabla ya lolote, kisha ndizi na sato mnono. Baada ya kula, Karugendo alimshika mgeni wake mkono.

"Mkwe, safari imekutafuna. Njoo ujinyooshe. Nyumba imejaa, kwa hiyo tutalala chumba kimoja mimi na wewe. Nisamehe, mimi naota kwa sauti."

"Hata mimi, waitu, ndugu yangu, huwa na vijambo vyangu," mzee alijibu, jasho likimtoka.

Karugendo akatoka kwanza kwenda kuwatafutia vijana maji ya kuogea. Mzee akabaki peke yake. Kati ya vitanda viwili palikuwa na sanduku la bati lililo tupu. Akaiweka mashine juu yake, akaichomeka kwenye umeme, akawasha. Lo, sanduku liliitikia kama ngoma. Akaivaa barakoa. Kwa kuwa hakutaka alama za mikanda zimkae usoni kesho mbele za wakwe, alikuwa ameilegeza mikanda yote. Hewa ikatoroka pembeni ya pua na kupiga mluzi. Basi ngoma chini, filimbi juu.

Mzee alitazama mlangoni, akatazama lubugo yake. Akafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya na ndizi anazotaka ziive: akaifunika. Aliizungushia mashine lubugo mara kadhaa, akaisukuma uvunguni, akaizibia pande zote kwa mafungu ya ebishubi. Sauti ikafifia. Mzee akatabasamu, akalala chali, na usingizi ukambeba.

Alisahau jambo dogo. Kitu kinachopuliza hewa lazima kwanza kiivute kutoka mahali fulani.

Karugendo aliporudi alikuta mgeni amelala, na uvunguni kitu kinalalamika. Sauti ilikuwa inapanda, kwanza kama mbu, halafu kama mtoto aliyenyimwa kunyonya. Heshima ya ukwe ikamfunga mdomo. Akajilaza kitandani kwake, akajifunika mto masikioni. Hatimaye kile kitu kikapiga yowe moja refu, kikazimika. Mzee Karugendo akafumba macho. "Mungu wangu, asante kwa utulivu huu," alinong'ona.

Uani, chini ya dirisha la chumba hicho, Ma Agnetha alikuwa akimenya ndizi na wanawake wa mji ule, akiwategea vitendawili. Alikwisha kuusikia uvumi wa mashine, na moyo wake ulikuwa umetulia juu yake kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani. Aliposikia yowe, kisu kilipunguza mwendo. Uliposhuka ule utulivu, kisu kikasimama.

"Endelea, mama," mmoja alimwambia. "Umesema, akinyamaza?"

"Akinyamaza naamka," alijibu, naye alikuwa amekwisha kuamka.

Alisikiliza. Mkoromo ulikuja mmoja, wa kukwaruza, ukakatika. Alingoja wa pili. Haukuja. Sasa fikirieni shida ya mama huyu. Mle chumbani alilala mkwe, tena mwanamume mtu mzima, na mwanamke mwenye malezi haingii mkwe alipolala. Hata wale wamenyaji walimshika kanga wakimwita. Ma Agnetha akapiga moyo konde. Alikata ua kwa haraka, kisu bado mkononi, maganda ya ndizi yakimdondoka mapajani, akasukuma mlango.

Mzee Karugendo alifumbua macho akaona mkwe wake mtarajiwa amesimama juu yake na kisu.

"Mama," alisema taratibu, "kama ni mahari, tunaweza kuzungumza."

Ma Agnetha hakumsikia. Alikitupa kisu, akamvua mumewe barakoa, akamtikisa mabega kwa nguvu zake zote. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kuingia wingu. "Baba Esther. Baba Esther, vuta." Akamgeuza ubavu, akampiga kofi la mgongo. Kifua kikakataa, kikakataa tena, halafu mzee akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akafumbua macho.

"Watu wamesikia kelele?" lilikuwa swali lake la kwanza.

Ma Agnetha aliketi sakafuni palepale kwenye ebishubi, akacheka huku machozi yakimtiririka. "Hawakusikia," alisema. "Hilo ndilo lililotaka kukuua."

Basi siri ikaanikwa kama kahawa. Mzee, akiwa bado anahema, alimweleza Karugendo kuhusu ugonjwa, daktari na mashine. Alingoja kuchekwa. Karugendo alikuwa amekaa kitandani, mikono imelala magotini.

"Na mimi nilikuwa namshukuru Mungu," alisema. "Mkwe, mtu anakaribia kufa ubavuni kwangu, mimi nashukuru kwa utulivu. Kesho ningemweleza nini Klaudia?" Akainama uvunguni, akaivuta mashine, ikiwa ya moto kama kiazi cha majivuni. "Haya, tuifundishe adabu hii. Kuinyamazisha tumekataa. Tuipunguze ukali tu. Mama, hospitali walisema nini?"

Ma Agnetha alikumbuka, kwani siku ile mumewe aliposinzia mbele ya muuguzi, yeye ndiye aliyesikiliza. Waliiacha kwanza ipoe. Kisha alifungua kidirisha cha ubavuni, akachomoa kichujio. Kilikuwa chekundu kama udongo wa barabarani. "Tazama, imekuja Muleba ikiwa imebanwa mafua," alisema, akaweka kingine kipya kutoka kwenye pochi aliyofungasha nyumbani. Karugendo alilikokota sanduku la bati hadi nje. Lubugo waliikunja mara nne, wakaitandika sakafuni, chini ya usawa wa kitanda, wakaiketisha mashine juu yake, tundu lake la hewa likiwa wazi, ebishubi zikiwa zimesogezwa mbali. Kitambaa kilikuwa kilekile. Kilihama tu kutoka juu kwenda chini.

"Sasa lala, nikuone mikanda," Ma Agnetha aliamuru.

"Itaniachia alama."

"Nitakupaka mafuta. Lala."

Alimkaza barakoa akiwa amelala vilevile atakavyolala, si kwa kumbana, bali hadi mluzi ulipokoma. Wakawasha. Ngoma haikuwapo, filimbi haikuwapo. Ulibaki uvumi mdogo, kama upepo unaopita kwenye majani ya migomba.

"Huo nao tuutoe?" Wilbert aliuliza kutoka mlangoni, roho bado i juu.

"Huo uacheni," Karugendo alisema. "Huo ndio utakaonilaza."

Wanawake waliokuwa wamejazana dirishani walicheka, mmoja akasema kwamba Mungu angempa mume wa kuvuma hivyo angemshukuru. Ma Agnetha aliwarudia uani, akaokota ndizi yake. Akaendelea kumenya. Jioni ile, alisema baadaye, matoke yalimkolea ulimini kana kwamba hakuwahi kuyala kabla.

Asubuhi wajumbe walipanga viti sebuleni. Mzee Rwekaza alisimama na lubugo yake begani, yenye mkunjo mpya wa mashine katikati, na mistari miwili ya mikanda ikiwa imemkaa mashavuni. Wazee wa upande wa pili walitazamana. Karugendo akawahi: "Msishangae. Hizo ni alama za mkwe aliyelala vizuri. Mimi nilikuwa shahidi, na mimi pia nimelala."

Mzee akainua mkono. Wilbert akazuia pumzi yake mwenyewe.

"Sisi tuliokuja hapa leo," mzee alianza, akatua kidogo, akawatazama watu wote kwa macho makavu yasiyo na chembe ya usingizi, "tumekuja kuomba mchumba, na jibu tutalisikia tukiwa macho."

Alisema hadi mwisho, bila kupoteza hata neno. Klaudia alipoulizwa kama anawafahamu wageni hawa, alikubali kwa sauti iliyosikika hadi uani, na vigelegele vikaitikia kutoka jikoni.

Waliporudi Kashozi, Esther alipiga simu kuulizia safari. Alitaka kujua kama ile mashine iliwasumbua ukweni kwa makelele, amtafutie nyingine iliyo kimya kabisa. Mzee Rwekaza alimtazama mkewe aliyekuwa akichambua maharage, akakumbuka lile yowe, na kile kimya kilichofuata ambacho yeye hakukisikia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Tumeipunguza sauti, inatosha. Hiyo iliyobaki mama yako anailalia, maana mwenye kelele hana neno."