Kanga na Chama Kisicho na Faida

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na safu ya vilima. Upande wa huku lilikuwa Bonde, maji yakibubujika kila pembe. Upande wa kule ilikuwa Nyika, ambako mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu, na wakazi wote walikunywa kwenye dimbwi moja la maji ya kijani.

Kanga aliishi Bondeni. Siku moja alivuka vilima kwenda kumwona mdogo wake aliyeolewa Nyika. Mara ya mwisho alimwacha na vifaranga wanane. Safari hii akamkuta na watatu.

"Wengine wako wapi, mdogo wangu?"

"Tumbo, dada," mdogo wake akajibu, huku akiendelea kuparura vumbi. "Wanakunywa, wanaharisha, wanalala hawaamki. Kila nyumba imelia mwaka huu. Tunamshukuru Bwana Fisi, yeye ndiye mzishi wetu. Huja mwenyewe kuwachukua maiti, wala hataki shukrani ya mtu."

Kanga alirudi Bondeni kimya, naye hakuwa na desturi ya kunyamaza. Alipofika kisimani kwake akainama anywe, akainuka bila kunywa. Kesho yake akawaita Ngiri, Sungura na Simba.

"Kunywa peke yangu kumenishinda," akawaambia. "Tuanzishe chama, tuwapelekee wenzetu maji safi."

"Na faida yetu?" Sungura akauliza.

"Hatuna."

"Chama kisicho na faida." Sungura akayatamka maneno yale polepole, kama anayeonja tunda asilolijua. "Kwa hiyo hata cha kuiba hakuna."

"Hakuna."

"Basi kitadumu. Nami nimo."

Ngiri aliuliza jambo moja tu: pa kuchimba ni wapi. Simba akakubali kuwa mlezi wa chama kwa masharti mawili, kwamba kisima kiitwe kwa jina lake na kwamba asichafuke kucha.

Walipofika Nyika, Fisi aliwapokea kwa heshima zote, mkono kifuani. "Karibuni, wageni wetu. Nchi hii naijua nje ndani. Niacheni niwaonyeshe penye maji."

Akawaonyesha. Ngiri akachimba siku nne chini ya mbuyu mkavu, akatoa mawe. Fisi akawapeleka kwenye uwanda wa mchanga. Ngiri akachimba siku tano, akatoa mchanga. Akawapeleka kwenye kichuguu. Huko walitoka mchwa, nao walikuwa na hasira.

"Poleni sana," Fisi akasema. "Mmejitahidi, lakini nchi hii haina bahati. Rudini kwenu, jamani. Sisi tumeshazoea."

Jioni hiyo Kanga alikaa na mdogo wake. Mmoja wa wale vifaranga watatu alikuwa ameanza kulegea shingo. Kanga akamfunika kwa bawa, akaona aibu iliyomfika mpaka kwenye manyoya. Alikuwa amewaahidi watu maji, akawaletea mashimo.

Asubuhi aliwatazama wanyama wakirudi dimbwini. Swala, punda milia, nyani, wote midomo yao ilikuwa ya kijani kwa utando wa dimbwi. Kisha akapita Fisi. Mdomo wake ulikuwa safi, na mwili wake umejaa.

Akamwendea Sungura. "Fisi hanywi dimbwini."

"Wala hajakonda," Sungura akasema. "Kiangazi misimu mitatu, aliyenenepa ni mzishi peke yake." Akakuna sikio. "Nipatie paja la nyati kutoka kwa Simba. Mengine niachie."

Kanga akaliomba paja, na Simba akalitoa kwa sababu aliombwa mbele ya watu. Sungura akalisugua magadi mpaka mkono ukamwuma, kisha akalipeleka kwa Fisi.

"Chama kinakushukuru kwa kutuongoza, Bwana Fisi. Ni zawadi ndogo. Kama ni kubwa mno, tugawane na majirani."

"Majirani wamefunga," Fisi akajibu, akalimeza lote na mfupa wake.

Adhuhuri haijafika, ulimi wake ukawa kama kuni kwa kiu. Akainuka, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Unakwenda wapi na jua hili?" Sungura akauliza.

"Kumjulia hali shangazi. Nasikia hajiwezi."

Kanga akamfuata kwa mbali, akipita vichakani kwa miguu. Kazi ngumu haikuwa kukimbia, ilikuwa kunyamaza. Kila hatua sauti ilimpanda, akaimeza. Fisi akashuka korongoni, akafika kwenye jabali kubwa, akaondoa matawi makavu yaliyofunika ufa, akaingiza kichwa. Kanga akasikia maji yakinywewa, maji mengi, yanayotiririka.

Hapo ndipo akaiachia sauti yake yote.

Nyika nzima ikaja mbio. Fisi alipotoa kichwa ufani, matone yakimdondoka kidevuni, alijikuta amezungukwa.

"Kumbe shangazi anakaa chini ya jiwe," Sungura akasema.

"Nilikuwa nayaonja kwanza," Fisi akajitetea. "Nisije nikawadhuru watu."

Mdogo wake Kanga akajipenyeza mbele. Hakupaza sauti. "Bwana Fisi, wanangu watano uliwazika wapi? Nionyeshe makaburi yao."

Fisi akarudi nyuma hatua moja. Macho ya wote yakashuka kwenye tumbo lake, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini maji safi yalifichwa na dimbwi likaachwa liendelee kuua. Mduara ukaanza kusogea. Fisi akapenya kati ya miguu ya punda milia, akatoka mbio bila kuaga.

"Jiwe hili halisukumiki," Sungura akasema, akilitazama jabali. "Hata Simba mwenyewe hawezi."

Simba akasahau kucha zake. Alisukuma mpaka jabali likabingirika, na maji yakaruka juu kama yaliyokuwa yamefungiwa. Ngiri akachimba mfereji hadi kijijini kwa siku mbili, maana sasa alijua pa kuchimba. Kikaitwa Kisima cha Simba kama walivyokubaliana, na Kanga hakujali jina. Alikuwa akimnywesha kifaranga tone kwa tone kutoka mdomoni mwake. Siku ya tatu kifaranga akainua shingo, akadai chakula.

Tangu hapo watu wa Nyika wakawazika wafu wao wenyewe, nao hawakuwa wengi. Na Fisi anapopita mbali, kiuno chini, akinusa asichopewa na mtu, watu wa huko humtazama tu, wakasema: njia ya mwongo ni fupi.