Kunadi Nyuma ya Ghala

Mimi Namkunda nina sauti nzito kama ya fahali mwenye mafua. Nikimbembeleza mtoto wa dada yangu, huzidi kulia. Kwa hiyo nilipomwomba mwenyekiti wa soko kibanda cha langoni, nipumzike kuuza nyanya chini juani, Mama Elineema aliangua kicheko. Alikuwa na vibanda viwili na alikitaka hicho pia.

“Mwenyekiti, tushindane kunadi,” alisema. “Atakayesikika zaidi na wateja langoni, akichukue.”

Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali kama filimbi. Nikainamisha kichwa.

“Sawa, mama, ila naona haya. Nikipanua kinywa nafanana na chura. Tukanadi nyuma ya ghala, watu wasinione.”

“Maskini mwanangu! Hata ndani ya shimo nitakushinda.”

Ghala lilikuwa refu, la mawe, halina dirisha. Mwenyekiti akasimama langoni na wateja, upande wa pili. Mama Elineema akaanza, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha nami nikanguruma: “Nyanyaaa!”

Mwenyekiti akarudi akicheka. “Mama, wewe tulikusikia kama mbu. Huyu kamfanya bibi mmoja aangushe kikapu. Kibanda ni chake.”

“Umeniroga!”

“Hapana, mama. Sauti nyembamba ikigonga ukuta hurudi, nzito huuzunguka. Hilo ndilo somo la mwisho nililosoma kabla ya kuacha shule. Lililofuata lilikuwa la nuru, ndiyo maana gizani bado najikwaa.”