Ubao wa Fundi Mbwana Ulale kwa Nani?

Nyamazeni niwape fumbo, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Katika mtaa mmoja wa Korogwe walikuwako majirani watatu wapenda sataranji. Mwanakombo, mshonaji, alijua kuanza: vipande vyake vilitoka mapema, kila kimoja na kazi yake. Mhina, mchomelea vyuma, alikuwa na jicho la kuona pigo moja linalowapata wawili. Mama Kupaza, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na subira. Vipande vikibaki vichache na watu wakianza kupiga miayo, yeye ndiyo kwanza anakunja mikono ya gauni.

Sasa, Fundi Mbwana seremala alichonga ubao wa mninga na vipande vya mpingo, akautoa uwe tuzo ya shindano la mitaa. Ubao ungelala kwa mshindi mwaka mzima, na kila Jumapili watu wangekwenda kuchezea kwake. Wote watatu waliutaka, tena kwa roho zao zote. Nani hapendi baraza lake lichangamke?

Siku ya fainali, watatu hao wakiwakilisha mtaa wao, sheria ilikuwa hii: watatu wa kila mtaa hucheza mchezo mmoja kwa kupokezana kiti, na aliyeinuka hafungui mdomo.

Mwanakombo alianza. Akasukuma askari wa katikati, akatoa farasi, akamficha mfalme pembeni nyuma ya ngome. Wapinzani, kwa pupa ya kumtoa malkia wao mapema, waliacha askari mmoja bila mlinzi. Akamla, akainuka.

Mhina alipoketi, malkia wa wapinzani alikuwa ameshafika mlangoni kwa mfalme. Watu wakashika vichwa. Mhina akamrusha yule farasi aliyetolewa na Mwanakombo, akatua mahali alipotisha mfalme na malkia wa wapinzani kwa pamoja. Mfalme akakimbia, malkia akaliwa.

Lakini mtaani kwao anayekula malkia humiminiwa kahawa na mpinzani wake. Mhina, kikombe mkononi na kicheko mdomoni, akasogeza kipande bila kutazama. Ngome ya wapinzani ikamla malkia wake bure.

"Ama kweli kahawa tamu," mpinzani akasema.

Mhina akainuka, masikini, uso umemshuka.

Mama Kupaza akaketi. Akabadilishana vipande kimoja kimoja, mpaka akabaki na mfalme na yule askari wa ziada. Wengi humkimbiza askari peke yake akakwama njiani. Yeye alimtanguliza mfalme amfagilie njia, askari akafuata nyuma polepole, akafika mstari wa mwisho na kugeuka malkia, wapinzani wakasalimu amri. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

Kisha maneno yakaanza.

"Askari wa ziada nilimpata mimi," Mwanakombo alisema, "na farasi nilimweka mimi."

"Na bila mimi, dada, mfalme wako angezikwa mchana kweupe," Mhina akajibu. "Kahawa isiwafanye msahau."

Mama Kupaza akacheka. "Wanangu, mliniachia mfalme na askari. Malkia nimemzaa mwenyewe."

Mtu mmoja akapendekeza wapokezane ubao. Fundi Mbwana akaruka. "Hapana! Ule wa zamani ulihamahama mpaka tukawa tunacheza na kizibo cha soda badala ya mfalme. Huu utalala nyumba moja."

Basi mpaka leo ubao uko kwa fundi. Kila Jumapili watatu hao huja kuutetea, wakikaa hucheza, wakicheza hucheka, na magomvi yao yamekuwa matamu kuliko ushindi wenyewe. Anayeumia ni mke wa fundi.

"Amueni upesi," huwaambia akiweka birika, "sukari yangu inakwisha!"

Haya, ninyi mliotulia kama wageni wa harusi, msaidieni mama wa watu. Aliyejenga, aliyeokoa kisha akaharibu, au aliyemaliza: ungekuwa wewe fundi, ubao ungelala kwa nani?